MDCK, Caco-2, oganoidi au nzi wa matunda: uchague wapi pa kuchunguzia polariti ya epithelia na maungio ya kubana

Seli ya epithelia ina mambo mawili ya kutimiza kabla haijawa kizuizi. Kwanza ijue juu ni wapi na chini ni wapi: upande wa apikali utazame uwazi, uwe wa utumbo, wa mfereji wa figo au wa njia ya hewa, na upande wa basolaterali ukae na majirani na utando wa msingi. Pili izibe mwanya ulio kati yake na jirani, ili kinachopenya baina ya seli na seli kipite kwa kipimo. La kwanza ndilo polariti. La pili ni kazi ya maungio ya kubana.

Mambo haya huonekana pamoja karibu kila mara, na ndiyo maana wengi huyachukua kuwa jambo moja. Hapo ndipo uchaguzi wa mfumo wa utafiti unapoharibika. Mtu anataka kujua seli inapataje juu na chini, anaishia kupima umeme unaopita kwenye tabaka la seli. Mwingine anataka kujua kama dawa fulani inalegeza kizuizi, anaishia kupiga picha nzuri za protini za apikali. Kila mmoja ana data safi ya swali asilouliza.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha koo za seli na viumbe, amua swali lako liko upande gani: polariti, kizuizi, au namna moja linavyolitegemea jingine. Uamuzi huo peke yake utaondoa nusu ya machaguo.

Kinachotafutwa chenyewe

Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba maungio ya epithelia hupangwa kwa utaratibu uleule katika viungo vingi: juu kabisa maungio ya kubana, chini yake maungio ya kushikamana, kisha desmosomu. Seli mbili zinapogusana, nektini na kadherini E ndizo hushikana kwanza, kadherini ikihitaji kalsiamu iliyo nje ya seli. Kwenye madoa hayo ya mwanzo hukusanyika pia protini za ZO-1, JAM-A na Par3. Okludini na klaudini, protini za maungio ya kubana yenyewe, huingia baadaye, na kile kilichokuwa doa moja hutengana kikawa mikanda miwili, wa kubana juu na wa kushikamana chini yake. Hatua hiyo ya kukomaa inahitaji aPKC, ambayo ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika protini fosfeti: mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba seli za MDCK (za figo ya mbwa) zikiwekewa aPKC isiyofanya kazi, hushindwa kuunda upya maungio ya kubana baada ya kurudishiwa kalsiamu.

Wakati huohuo makundi matatu ya protini yanagombania utando wa seli. Kundi la Par (Par3, Par6 na aPKC) na kundi la Crumbs (Crumbs, Pals1 na Patj) hushika upande wa juu. Kundi la Scribble (Scribble, Dlg na Lgl), likisaidiana na Par1, hushika ubavu. Silaha ya pande zote mbili ni fosfeti. aPKC huzibandika Lgl na Par1 fosfeti, nazo zikauachia utando wa juu. Par1 nayo huibandika Par3, ikakosa pa kukaa ubavuni. Mpaka kati ya juu na ubavu unadumu kwa sababu kufukuzana huko hakusimami, na ni kwenye mpaka huo maungio ya kubana yanapojengwa.

Kuhusu maungio yenyewe, okludini iligunduliwa mwaka 1993 na klaudini mbili za kwanza mwaka 1998, zote katika maabara ya Shoichiro Tsukita nchini Japani, Mikio Furuse akiwa mstari wa mbele. Mamalia wana klaudini zaidi ya 20. Klaudini ndizo zinazojenga nyuzi za maungio. ZO-1 na ZO-2, zilizo upande wa ndani wa seli, huamua nyuzi hizo zijengwe wapi. Panya wasio na okludini, walioelezwa mwaka 2000, wana maungio ya kubana yanayoonekana ya kawaida kabisa. Panya wasio na klaudini-1, walioelezwa mwaka 2002, hufa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa kwa sababu maji yanawatoka kupitia ngozi. Naitaja tofauti hiyo kwa makusudi: picha ya okludini peke yake haithibitishi kwamba kizuizi kipo wala kwamba kimevunjika, haidhuru umetumia mfumo gani kati ya hii ifuatayo.

MDCK: mahali pema pa kuanzia

Ukoo huu wa seli ulianzishwa mwaka 1958 na S. H. Madin na N. B. Darby kutoka figo ya mbwa jike wa aina ya cocker spaniel. Ulipata heshima yake miaka ishirini baadaye. Mwaka 1978 Marcelino Cereijido na wenzake walieleza jinsi MDCK zinavyounda tabaka moja lenye pande mbili na maungio yanayoziba, na mwaka huohuo Enrique Rodriguez-Boulan na David Sabatini wakaonyesha kwamba virusi vya mafua huchipuka kutoka upande wa apikali wa seli hizi ilhali virusi vya VSV huchipuka kutoka upande wa basolaterali. Kwa jaribio hilo ikawa wazi kwamba seli iliyo kwenye sahani ya maabara, mbali kabisa na mwili, bado inapeleka protini zake pande mbili tofauti bila kuzichanganya.

Sifa ya MDCK ninayoithamini kuliko zote ni jaribio la kuondoa na kurudisha kalsiamu. Tabaka lililokomaa huwekwa kwenye maji ya kukuzia yenye kalsiamu kidogo mno, ya kiwango cha mikromola chache. Kadherini huachiana, maungio husambaratika, seli hujikunja. Ukirudisha kalsiamu kwenye kiwango cha kawaida, karibu milimola 1.8, seli zote kwenye sahani huanza kujenga maungio kwa wakati mmoja. Unachukua sampuli baada ya nusu saa, saa mbili, saa sita, siku nzima, na unaona nani anafika kwanza na nani anamngoja nani. Sijui mfumo mwingine unaokupa saa iliyo wazi hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Lakini soma matokeo yake kwa uangalifu. Seli zilizonyimwa kalsiamu kwa saa chache hazijaanza upya. Protini zake zimekwisha kutengenezwa, na integrini zake, protini zinazoishikiza seli mahali ilipokalia, bado zimeshika sehemu ya chini, kwa hiyo zinajua chini ni wapi. Unachokiona ni maungio yakijengwa upya kwenye seli ambayo nusu ya mwelekeo wake inao tayari. Kama swali lako ni namna polariti inavyozaliwa, jaribio hili litakujibu nusu tu, na nusu nyingine utaipata kwenye jeli, ambayo nitaieleza mbele.

MDCK zipo za aina mbili kuu, na kuzichanganya ni kosa linaloweza kupoteza miezi. MDCK I hutoa tabaka lenye ukinzani mkubwa wa umeme, mara nyingi zaidi ya omu·sm² 1,000. MDCK II hubaki kwenye makumi au mia moja na kitu. Ajabu ni kwamba idadi ya nyuzi za maungio na kiasi cha ZO-1 ni sawa katika aina zote mbili. Hilo lilielezwa mwaka 1988. Jibu lilikuja mwaka 2001, maabara ya Tsukita ilipoingiza klaudini-2 kwenye MDCK I na ukinzani ukaporomoka hadi kufikia ule wa MDCK II. Klaudini-2 hufungua tundu dogo linalopitisha ioni chanya na maji. Mwaka 2015 jaribio la kinyume lilikamilisha hoja: jeni ya klaudini-2 ikiondolewa kwenye MDCK II, ukinzani wake hupanda sana.

Kwa hiyo ukitaka kuchunguza kitu kinachobomoa kizuizi kinachopimwa kwa umeme, chukua MDCK I, kwa kuwa una mahali pa kuangukia. Kwa polariti, picha za hadubini, kuondoa jeni kwa CRISPR na vifuko vya kwenye jeli, chukua MDCK II. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu uundaji wa uwazi imetoka kwake, na seli zake ni ndefu kidogo kiasi kwamba juu na ubavu hutofautishika vizuri.

Udhaifu upo. Ni seli za mbwa, hivyo kingamwili nyingi zilizotengenezwa kwa protini za binadamu hazizitambui, na jambo hilo linafaa kujulikana kabla ya kuagiza. Ni seli za figo, kwa hiyo hazikuambii mengi kuhusu ufyonzaji wa utumbo. Pia MDCK za maabara moja si lazima ziwe sawa na za maabara nyingine, kwa kuwa ukoo wa asili ulikuwa mchanganyiko. Andika aina, asili na idadi ya mara ulizozihamisha.

Namba ya ukinzani isikutawale

Nimekwisha kuutaja ukinzani, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo ulinganisho wa mifumo unapopotosha zaidi.

Kipimo hiki ni omu ukizidisha kwa eneo la kichujio. Tuseme kichujio chako kina sm² 1.12, kifaa kinasoma omu 250, na kichujio kitupu kinasoma omu 130. Unatoa, unapata 120, unazidisha kwa 1.12, unapata omu·sm² 134 na kitu. Anayegawanya badala ya kuzidisha, au anayesahau kutoa kichujio kitupu, hawezi kulinganisha matokeo yake na ya mtu yeyote. Joto nalo hubadilisha usomaji, kwa hiyo sahani iliyotoka kwenye kabati la kukuzia sasa hivi hailinganishwi na iliyokaa mezani.

Muhimu zaidi ni maana yake. Ukinzani unapima jinsi ioni ndogo zinavyopita, na njia kubwa ya ioni hizo ni matundu ya klaudini. Molekuli kubwa hupita njia nyingine, ambayo hutegemea nyuzi kukatika na kuungana. Tabaka linaweza kuwa na ukinzani mdogo na bado likazuia dekstrani (sukari ya mnyororo mrefu) ya kilodaltoni 4 vizuri sana. MDCK II ndiyo mfano. Panya wasio na klaudini-5 wanatufundisha hilohilo kwa mishipa ya ubongo: kizuizi chao kilivuja molekuli ndogo za chini ya takriban daltoni 800 huku kikizuia kubwa. Basi pima vyote viwili, ukinzani na upitaji wa dekstrani za ukubwa mbalimbali. Usiuite mfumo mmoja bora kuliko mwingine kwa sababu ya namba ya omu peke yake. Na namba hiyo, hata ikiwa kubwa namna gani, haisemi chochote moja kwa moja kuhusu polariti.

Caco-2: kwa anayeuliza kuhusu utumbo

Caco-2 zilitoka kwenye saratani ya utumbo mpana ya mwanamume wa miaka 72, zikaanzishwa na Jorgen Fogh huko Marekani katika miaka ya 1970. Ingawa asili yake ni utumbo mpana, zikiachwa zijae na kukaa hujibadilisha zikafanana na seli za ufyonzaji za utumbo mwembamba: mikrovili zilizopangika vizuri, na vimeng'enya kama sukrasi-isomaltasi kwenye utando wa juu. Mabadiliko hayo huchukua takriban siku 21 kwenye kichujio. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zimekuwa kipimo cha kawaida cha kukadiria kama dawa itafyonzwa ikimezwa.

Zikiwekwa kando ya MDCK, tofauti ya kwanza ni muda. MDCK hukupa tabaka la kufanyia kazi ndani ya siku chache. Caco-2 zinakudai wiki tatu za kubadilisha maji ya kukuzia bila kukosa, na siku 10 si siku 21. Anayepima katikati ya safari hiyo anapima seli ambazo bado zinabadilika. Tofauti ya pili ni spishi: Caco-2 ni za binadamu, kwa hiyo kingamwili na mifuatano ya jeni havisumbui. Ya tatu ni jeni zenyewe. Caco-2 zina kromosomu karibu maradufu ya 46 za kawaida, kwa hiyo kuondoa jeni kabisa kunadai kuhakikisha nakala zote zimekatika. Jeni ya APC, inayodhibiti njia ya ishara ya Wnt, imeharibika ndani yake, jambo la kukumbukwa na yeyote anayetaka kuunganisha polariti na njia ya Wnt.

Uamuzi wangu kuhusu Caco-2 ni huu: zichague swali likiwa na utumbo ndani yake, yaani ufyonzaji, mikrovili, bakteria wanaoshambulia epithelia ya utumbo, au saitokini (ishara za kinga ya mwili) zinazolegeza kizuizi. Kwa swali la msingi la namna Par3 inavyofika mahali pake, wiki tatu hizo hazina malipo. Isipokuwa moja: mgawanyiko wa seli. Kazi ya mwaka 2008 ilitumia vifuko vya Caco-2 kuonyesha kwamba protini ya Cdc42 huelekeza spindeli ya mgawanyiko ili uwazi ubaki mmoja katikati. Cdc42 ikipunguzwa, uwazi huwa mwingi na hukaa ovyo.

T84 zinastahili mstari. Nazo ni za saratani ya utumbo mpana ya binadamu, lakini hufanana zaidi na seli za ndani ya vikunjo, hutoa kloridi kwa wingi, na hutoa ukinzani mkubwa. Kwa anayechunguza kuhara na usafirishaji wa kloridi, ni chaguo la kwanza kuliko Caco-2.

Kichujio au jeli

Wengi huchagua seli kwa makini kisha hukubali sahani yoyote. Kwa polariti, mahali unapozikuzia seli huamua kama ukoo.

Kichujio kinakupa njia ya kufika pande zote mbili. Unaweza kuweka kingamwili juu tu, au sumu chini tu, au kupima kinachovuka. Lakini kichujio pia kinaipa seli jibu: plastiki iko chini, maji yako juu. Nusu ya kazi ya kupata mwelekeo imefanywa na aliyetengeneza kichujio.

Ndani ya jeli ya Matrigel au kolajeni hakuna jibu hilo. Seli moja ya MDCK imezungukwa na kitu kilekile pande zote. Inagawanyika mara moja, na ni pale seli mbili zinapogusana ndipo uwazi utakapozaliwa. Podokaliksini, protini ya utando wa apikali, ambayo mwanzoni iko upande wa nje unaogusa jeli, humezwa ndani ya vesikeli na kusafirishwa hadi kwenye mpaka kati ya seli mbili. Protini za Rab11a na Rab8a ndizo zinazoendesha safari hiyo, na Par3 inakuwa tayari imefika. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2010. Miaka mitatu kabla yake ilionyeshwa kwamba kimeng'enya PTEN hukusanya lipidi ya PIP2 upande wa juu huku lipidi nyingine, PIP3, ikibaki chini na ubavuni, na kwamba PIP2 humleta Cdc42 na aPKC nyuma yake. Ukiivuruga hatua yoyote kati ya hizo unapata kifuko chenye uwazi mwingi, au kisicho na uwazi kabisa.

Jeli inafichua pia nani anaitangazia seli chini ni wapi. Ukizuia integrini beta-1 kwa kingamwili kwenye kolajeni, polariti hugeuka, upande wa apikali ukatazama nje; ukiongeza laminini, hurudi kawaida. Kwenye kichujio kosa la namna hiyo linaweza kujificha.

Kinachopotea kwenye jeli ni vipimo. Uwazi umefungwa ndani, huwezi kuweka elektrodi wala kupima kinachovuka kwa urahisi. Vifuko havikui kwa pamoja, kwa hiyo unahesabu mamia yake na kutoa asilimia yenye uwazi mmoja. Ni kazi ya hadubini na subira. Kwa swali la kuzaliwa kwa polariti naona hakuna mbadala wake kwenye seli za mamalia.

Oganoidi: karibu zaidi na mwili, mbali zaidi na udhibiti

Mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers na wenzao walionyesha kwamba seli shina moja yenye alama ya Lgr5, kutoka utumbo wa panya, ikiwekwa kwenye Matrigel pamoja na protini za EGF, Noggin na R-spondin, inajenga umbo lenye vikunjo na aina mbalimbali za seli za utumbo. Oganoidi za binadamu zilifuata. Hizi si seli za saratani, jeni zake hazijavurugika, na ndani yake mna seli za ufyonzaji, za ute, za Paneth na za homoni zikiwa zimepakana. Maungio kati ya seli za aina mbili tofauti hayapatikani kwenye MDCK wala Caco-2.

Tatizo ni kwamba upande wa apikali umefichwa ndani. Bakteria au virusi vinavyoingia kutoka uwazi wa utumbo vitalazimika kudungwa kwa sindano nyembamba, au oganoidi zivunjwe na kupandwa kwenye kichujio. Mwaka 2019 ilionyeshwa njia ya tatu: oganoidi zikitolewa kwenye jeli na kukuzwa zikielea, polariti hugeuka na upande wa apikali hutazama nje. Njia hiyo inawafaa wanaochunguza maambukizi, na inarudia somo lilelile la integrini na upande wa chini wa seli kwenye tishu halisi.

Changamoto nyingine ni tofauti. Oganoidi za mtu mmoja si za mwingine, na ndani ya kisima kimoja zingine ni vifuko laini na zingine zimechipua. Matrigel hubadilika toleo kwa toleo. Kama jaribio lako linahitaji kutofautisha kupungua kwa asilimia 15 kwenye upitaji wa dekstrani, oganoidi zitakuchosha. Kama linahitaji kujua kama kile ulichokiona kwenye MDCK kinatokea kwenye epithelia ya kawaida ya binadamu, hapo ndipo mahali pake.

Nzi wa matunda na mnyoo

Majina mengi tuliyotumia yalizaliwa huku. Jeni za par zilipatikana mwaka 1988 kwenye mnyoo C. elegans, katika maabara ya Kenneth Kemphues, kwenye yai lililorutubishwa ambalo bado si epithelia hata kidogo. Crumbs ilielezwa mwaka 1990 kwenye nzi wa matunda, Scribble mwaka 2000. Nguvu ya nzi ni kwamba unaondoa jeni katika kundi dogo la seli ndani ya tishu hai, majirani wakiwa wazima, na unaona matokeo kwenye kiumbe kizima.

Kwa maungio ya kubana, hata hivyo, nzi anadai tahadhari. Epithelia nyingi za nzi hazina maungio ya kubana kama yetu. Zina maungio ya septa, na haya hukaa chini ya maungio ya kushikamana, kinyume cha mpangilio wa Farquhar na Palade. Zina protini za jamii ya klaudini, kama Sinuous na Megatrachea, na hufanya kazi ya kuzuia, lakini umbo na mahali ni tofauti. Matokeo ya nzi kuhusu Par na Crumbs husafiri vizuri hadi kwa mamalia. Matokeo ya nzi kuhusu kizuizi yanahitaji kuthibitishwa upya.

Hata polariti yenyewe ina ubaguzi. Mwaka 2018 maabara ya Daniel St Johnston ilionyesha kwamba utumbo wa kati wa nzi aliyekomaa hauhitaji protini za kawaida za polariti, bali hutegemea integrini na talini inayoshikana nazo ndani ya seli, na maungio yake ya septa yako juu ya yale ya kushikamana, kama yalivyo ya kubana kwetu. Jambo hilo lapaswa kumfanya kila anayechunguza utumbo wa mamalia asichukulie kwamba kila epithelia inapata mwelekeo kwa njia moja.

Swali likiwa uhusiano wa polariti na maungio

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa linahitaji mfumo zaidi ya mmoja. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba maungio ya kubana ndiyo ua unaozuia protini za juu zisichanganyike na za ubavuni, kwa hiyo bila maungio hakuna polariti. Mwaka 2004 maabara ya Clevers ilitumia seli za LS174T (za saratani ya utumbo mpana) zilizofanyiwa marekebisho ili kinasi LKB1 iamshwe kwa amri. Seli iliyo peke yake, isiyomgusa jirani yeyote, ilikusanya mikrovili upande mmoja. Mwaka 2006 seli za Eph4 za matiti ya panya zisizo na ZO-1 na zilizopunguziwa ZO-2 zilikosa kabisa maungio ya kubana, lakini polariti yao ilibaki. Mwaka 2019 MDCK II zilizoondolewa klaudini tano zilikosa nyuzi za maungio na zikavuja ioni, ilhali polariti ilibaki na molekuli kubwa ziliendelea kuzuiwa. Ilipoondolewa na JAM-A juu ya hizo tano ndipo polariti nayo ilipoyumba.

Kwa hiyo anayeuliza kama jeni fulani inahitajika kwa polariti au kwa maungio tu, ningemshauri aiondoe kwenye MDCK II, aangalie kwanza podokaliksini na kadherini E kwenye kichujio, kisha ukinzani na dekstrani, kisha vifuko kwenye jeli. Kichujio kikiwa kizima na vifuko vimeharibika, tatizo liko kwenye kuzaliwa kwa mwelekeo. Vifuko vikiwa vizima na dekstrani inavuja, tatizo liko kwenye kizuizi. Vyote viwili vikiharibika, apeleke jeni hiyohiyo kwenye seli za LS174T zenye LKB1 ya kuamshwa, kwa kuwa huko maungio hayapo ya kulaumiwa, na mikrovili zikishindwa kukusanyika upande mmoja atakuwa na ushahidi kwamba jeni yake inagusa polariti yenyewe.